Marahaba ya Mgongo

Endagikot, jioni

Mwanangu Paskalina,

Ninaandika ukiwa bado Gitting, ulikokwenda kumuaga shangazi yako. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako. Ninakuomba uisome leo, kabla hujalala, si kesho ndani ya basi. Ombi hilo lina sababu, nayo utaiona mwishoni. Mambo ya kawaida ya safari sitayagusa. Namna ya kulinda simu stendi, maji ya kunywa, watu wa kuamini na wa kutoamini, hayo yote shangazi yako atakuwa amekueleza kwa sauti kubwa kuliko yangu na kwa usahihi zaidi.

Nataka kulijibu swali uliloniuliza Jumapili.

Tulikuwa mezani. Ulikuwa unanionyesha kwenye simu picha za mahali unapokwenda kufanya kazi, ile bustani ya michezo ya Dar es Salaam yenye mabwawa na miteremko ya maji mirefu kama mnara wa kanisa. Ukanionyesha lango utakalosimamia. Foleni mbili zinafika pale. Moja ni ndefu, imejikunja mara nne kati ya vyuma. Nyingine ni fupi, karibu tupu. Ukanieleza kwamba wa foleni ndefu wana tiketi ya kawaida, na wa foleni fupi wana tiketi ya VIP na mkanda wa njano mkononi. Kazi yako itakuwa kutazama mikono. Ukiuona mkanda wa njano, unaisimamisha foleni ndefu, unampitisha mwenye mkanda.

Nikasema, "Kwa hiyo unaajiriwa kuwarusha watu foleni."

Ukacheka. "Hawaruki, baba. Wamenunua foleni fupi. Kuna ubaya gani?"

"Na wale wengine?"

"Wanajua. Imeandikwa getini. Halafu ni mchezo tu, baba. Hakuna anayekufa kwa kuchelewa kuteleza."

Nikaweka kijiko chini, nikatoka kwenda kutazama ng'ombe ambao hawakuhitaji kutazamwa. Baadaye ulimwambia shangazi yako kwamba nimekasirika. Sikukasirika. Hoja yako ilikuwa nzuri, na nimeipima tangu siku ile kama nilivyokuwa nikipima majibu ya wanafunzi wangu wa hisabati, nikitafuta mstari ambapo kosa limeingia. Sijalipata kosa kwenye hoja. Nimelipata mahali pengine, kwangu, na ndiyo maana inanilazimu kukuandikia. Kwa mdomo ningeishia katikati.

Yapo mambo mawili sijawahi kukueleza. La kwanza ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka minne.

Wakati ule nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi bondeni, Yaeda Chini. Gari la kliniki lilifika mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Watu walikuja kutoka mbali, wengine wakilala njiani, na kwa kuwa jua la kule halivumiliki, hawakusimama kwenye foleni. Kila aliyefika aliokota jiwe, akaliweka nyuma ya jiwe la mwisho, kisha akaenda kukaa kivulini. Jiwe la mbele likiondolewa, mwenye jiwe linalofuata anaingia. Sikuwahi kuona ugomvi juu ya mawe yale. Watoto walifundishwa kutoyachezea kabla hawajafundishwa kuhesabu.

Siku ile sikio lako lilikuwa linakuuma. Mama yako alikuwa amepanda Mbulu kwenye msiba, na wewe ulikuwa umelia usiku kucha. Nilifika saa tatu nimekubeba. Nilikuta mawe thelathini na moja. Nakumbuka idadi kwa sababu niliyahesabu, na niliyahesabu ili nijue ninaruka watu wangapi; sitaki kujidanganya kwamba nilipita bila kufikiri.

Mzee mmoja aliyekaa ukutani akasema, "Pita tu, mwalimu. Mawe hayana haraka."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Leo nikiisikiliza tena sentensi ile, nasikia kwamba mzee yule hakuwa akinikaribisha. Alikuwa ananipa nafasi ya kuona aibu, nami nikaichukua kama nafasi ya kupita. Huo ndio ubovu wa heshima tunayopewa sisi walimu katika nchi hii: imefungwa vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kukutukana ndani yake, ukashukuru.

Mlangoni, kando ya jiwe la kwanza, alikaa mwanamke wa wafugaji wa bondeni, kijana kuliko mimi, mtoto mchanga amefungwa kifuani mwake ndani ya shuka. Yeye peke yake hakwenda kivulini. Nilipokuwa ninapita mbele yake nilimsikia akisema, "Shikamoo."

Nikajibu, "Marahaba," nikaingia.

Wewe unajua neno lile linavyofanya kazi kwetu. Mdogo anasalimia, mkubwa anapokea, na kila mmoja anabaki mahali pake. Nilichukulia salamu yake kuwa ruhusa: mwenye zamu amenitambua, ameniheshimu, basi amenipisha. Jambo lilikuwa limekwisha kabla hata sijavuka kizingiti.

Sikio lako lilimchukua daktari muda mfupi sana. Lakini daktari alikuwa kijana mwenye upweke, hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye tangu mwezi uliopita, na alikuwa na chupa ya chai. Tukazungumza kuhusu barabara. Tukazungumza kuhusu matokeo ya darasa la saba. Akanimiminia kikombe cha pili, nikakipokea. Kikombe cha kwanza ninaweza kukitetea kwa adabu ya mgeni. Cha pili sina utetezi wake.

Nilipotoka, kulikuwa kimya. Wanawake wawili walikuwa wamemwinamia yule mama. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, na mdomo una povu. Daktari alitoka mbio, akamchukua, akamlaza kwenye meza ile ile uliyokuwa umekaa wewe ukinyonya pipi. Alifanya alilojua. Haikufika saa tano, mtoto alikuwa amekufa.

Mama yule hakupiga kelele. Alimfunga tena mtoto kifuani kama alivyokuja naye, akasimama, na kabla hajaondoka aliinama akaliondoa jiwe lake kwenye mstari, akaliweka pembeni, ili mwenye jiwe la pili aingie.

Nilisimama pale nimekushika mkono. Uliuliza, "Baba, mbona anaondoka?" Nikakujibu kwamba amemaliza.

Sasa nataka niwe mwangalifu. Sijui kama muda ule ungemwokoa mtoto. Nilimuuliza daktari mwezi uliofuata, akasema pengine ndiyo, pengine hapana, homa ile ilikuwa imeshapanda kichwani. Huenda alisema kweli, huenda alikuwa anatuhurumia sote wawili, kwa maana chai tulikunywa pamoja. Nimeishi na "pengine" ile miaka yote hii, na nimegundua kwamba haipungui uzito kwa kuwa haina uhakika. Mtu aliyehukumiwa anajua kifungo chake. Mimi nilijihukumu mwenyewe, na ndipo nilipoingia kwenye kosa la pili, ambalo ni kubwa zaidi na ambalo nililifanya nikidhani ninalipa la kwanza.

Niliweka kanuni. Nilijiapia kwamba sitaruka tena foleni yoyote, popote, kwa sababu yoyote. Umekua ukiiona. Mnadani, benki, kwenye mashine ya kusaga, watu waliponiambia "pita mwalimu", nilikataa. Ulikuwa unaona aibu ulipokuwa darasa la sita, ukaniambia watu wanasema baba yako anajifanya mtakatifu. Walikuwa karibu na ukweli kuliko ulivyodhani. Nilianza kuipenda kanuni ile. Nilipenda namna watu walivyonitazama nikikataa. Sikuona kwamba bado ninapewa heshima kwenye foleni, safari hii kwa kusimama.

Sasa nakuja kwa mama yako. Kaa chini kama umesimama.

Nilikuambia kwamba alichelewa kufika hospitali kwa sababu ya mvua na barabara mbovu. Ulikuwa kidato cha tatu, bweni, na niliyasema hayo mbele ya jeneza, wewe ukiwa umenishika koti. Barabara ilikuwa kavu, Paskalina. Tulifika hospitali saa moja asubuhi.

Tumbo lilikuwa limembana tangu alfajiri. Unamkumbuka, hakuwa mtu wa kulalamika mbele za watu, akiumwa alikuwa ananyamaza na kukaza kanga kiunoni. Tulikuta foleni ndefu kwenye benchi, tukapewa namba, tukakaa. Kadiri jua lilivyopanda alizidi kuniegemea. Kijana aliyekuwa mbele yetu, mwenye mkono uliofungwa kitambaa, aligeuka akasema, "Mwalimu, mama hali yake si nzuri. Piteni nyie."

Nikamjibu, "Asante kijana. Na wewe unaumwa. Tutangoja."

Akasema, "Mimi ni mkono tu, mwalimu. Mkono unangoja."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa ninafikiria, nisikufiche, mawe thelathini na moja.

Mama yako akanishika mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Paskalina, waombe."

Nikamwambia, "Zamu yetu itafika."

Akanitazama. Hakurudia. Unajua jinsi alivyokuwa akitazama alipokuwa ameamua kutobishana na mtu. Akaufumba mdomo, akalaza kichwa begani kwangu, na ndivyo tulivyokaa.

Zamu yetu ilifika saa nane.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimpasua jioni ile ile. Daktari alipotoka aliniambia bila ukali wowote, "Mzee, mngekuja mapema."

"Tulikuja saa moja."

"Saa moja ya asubuhi? Mlikuwa wapi?"

Nikasema, "Kwenye foleni."

Akanigusa bega, akarudi ndani. Mama yako alikufa siku ya tatu, na mimi nikapanda gari na mwili, na njiani nikatunga habari ya mvua.

Nimejaribu kuandika ibara inayofuata mara tatu. Nilitaka kueleza kwa nini sikuomba. Sababu nilizoandika zote zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitisha, kwa hiyo nimezichana. Ukweli mfupi ni kwamba niliona kanuni yangu vizuri kuliko nilivyomwona yeye, naye alikuwa begani kwangu.

Baada ya arobaini yake niliteremka Yaeda Chini. Nadhani unakumbuka, nilikuambia ninakwenda kutazama shule ya zamani. Nilimtafuta yule mama siku mbili, nikampata kwenye boma lenye ng'ombe wengi na watoto wakubwa. Jina lake ninalo, lakini sikumwomba ruhusa ya kuliandika, kwa hiyo sitaliandika. Alinitambua kabla sijajieleza. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa mpangilio, kwanza hili, kisha lile. Aliniacha nikasema yote. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Unajua kwa nini nilikusalimia?"

Nikasema nilidhani ni heshima.

"Wakati ule sikuwa na Kiswahili," akasema. "Nilikuwa na shikamoo peke yake. Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka. Nikasema, huyu ni mwalimu, neno hili akilisikia lazima ageuke. Akigeuka ataona." Akafukuza ndama. "Ukaitikia kwa mgongo."

 Binti yake mkubwa alikuwa ananikaribisha maziwa, na mama akamwambia kwa lugha yao neno ambalo lilimfanya binti acheke, kisha akanitafsiria: "Nimemwambia ampe mgeni kikombe kimoja tu." Sijui alijuaje habari za chai. Labda alisikia vikombe akiwa pale mlangoni. Labda ilikuwa bahati tu. Nilikunywa kimoja, nikaondoka.

Njia ya kurudi ni ndefu, nami nilikuwa na muda wa kutosha kuliona jambo ambalo lilikuwa limejificha miaka yote. Nilikuwa nimedhani makosa yangu mawili yanapingana: mara ya kwanza niliruka foleni, mara ya pili nilikataa kuiruka. Ni kosa moja. Mara zote mbili walikuwepo watu waliosimama nyuma yangu au mbele yangu, wenye macho na midomo, na mara zote mbili sikuwauliza. Bondeni ningegeuka nikasema, "Mama, mtoto wangu sikio linamuuma, wako ana nini?" Angenionyesha. Hospitali ningesimama nikasema, "Ndugu zangu, mke wangu anazidiwa, mtatupisha?" Wangetupisha, kijana wa mkono alikuwa ameshatupisha bila kuombwa. Nafasi kwenye foleni ni mali ya waliosimama humo. Mwenye cheo hana haki ya kuichukua, na mwenye kanuni hana haki ya kuwanyima watu nafasi ya kuitoa.

Sasa lango lako la njano. Uliposema hakuna anayekufa kwa kuchelewa kuteleza, ulisema kweli, na sitatumia vifo vyangu kuupa mchezo wa watoto uzito usio wake. Uliposema imeandikwa getini, hilo pia ni kweli. Aliyelipa tiketi ya kawaida ameingia akijua. Kwa hiyo siwezi kuthibitisha kwamba lango lile ni dhuluma, na kitu nisichoweza kukithibitisha sitakuambia ukiamini. Kinachonisumbua ni kidogo zaidi. Mwenye mkanda ananunua dakika, na muuzaji wa dakika hizo ni kampuni, lakini dakika zenyewe zinakatwa kutoka kwa baba aliyesimama juani na watoto wawili, ambaye hakuna anayemgeukia. Mkanda umeondoa ulazima wa kugeuka. Mimi nilihitaji heshima ya ualimu ili nipite bila kumwona mtu. Sasa mtu yeyote anaweza kununua upofu ule, akauvaa mkononi. Na wewe utalipwa kutazama mikono.

Kazi usiiache. Umeitafuta miaka miwili, na baba anayemzuia mtoto asile kwa sababu ya dhamiri yake mwenyewe anarudia benchi lile la hospitali. Simama getini, wapitishe wenye mikanda, maana ndicho ulichoajiriwa kufanya. Lakini kila unapoisimamisha foleni ndefu, mtazame usoni uliyemsimamisha. Mpe pole. Na siku moja, itakuja tu, utamwona humo mtu asiye na mkanda ambaye hali yake si nzuri, mjamzito amekaa chini, mtoto amelegea kwa joto. Usiseme zamu yake itafika. Wageukie walio mbele yake, uwaulize. Msimamizi wako akikasirika, mwambie baba yako ni mgonjwa wa foleni.

Sikuombi unisamehe habari ya mama yako. Kuomba leo, basi likiwa linakungoja kesho, kungekuwa kukubana uniitikie haraka uondoke. Chukua muda wako wote. Hata ukiwa mrefu kuliko umri niliobakiwa nao, ni wako.

Nilikuahidi sababu ya kukutaka uisome leo. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa jikoni ninawasha moto wa chai, nimeupa mlango mgongo, kama siku zote unapoamka. Kwa miaka ishirini umekuwa ukipita pale ukisema "shikamoo baba," nami nikiitikia huku ninapuliza kuni. Kesho, baada ya kuyajua haya, unaweza ukapita bila kusema, ukachukua begi lako. Nitakusindikiza hadi stendi hivyo hivyo, na sitauliza.

Lakini ukinisalimia, nipe nafasi kidogo. Usidhani sijasikia. Nitakuwa ninageuka kwanza.

Baba yako,
ambaye wewe ndiwe uliyekuwa mkononi mwake siku ile